Mchezo Wetu wa Mabibo na Watu Walioununua

Nilimwahidi Mama Fadhila kwamba siku nitakapoandika habari za kazi yetu sitaanza na kompyuta. "Ukianza na kompyuta," alisema, "vijana watadhani mashine ndiyo iliyotunga. Anza na watu." Basi naanza na watu. Tulikuwa watatu, katika chumba kimoja cha kupanga Mkomaindo, mjini Masasi, upande ambao watu huupita wakienda kuwaona wagonjwa hospitalini. Kila asubuhi walituona dirishani tumekodolea macho kioo kimoja, kimya, na baadhi yao walitupa pole kabla hawajafika kwa wagonjwa wao.

Wa kwanza alikuwa Bwana Mtipa, mwenye kampuni. Alikuwa karani wa ghala katika chama cha ushirika hadi serikali ilipofungua biashara ya korosho, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, na ghala likabaki na makarani wengi kuliko magunia. Alipopunguzwa kazini, wenzake walifungua maduka ya vipuri na mabaa. Yeye alipanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi na televisheni, jenereta na mashine ya gemu, akafungua kibanda karibu na stendi. Wa pili alikuwa Mama Fadhila, mzaliwa wa Mnyambe kule Newala, mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha kuchora, ambaye alikuja kwetu kila alasiri baada ya vipindi. Wa tatu nilikuwa mimi, kijana niliyetoka chuo cha ufundi na cheti kipya na imani kubwa kuliko cheti chenyewe. Niliamini kwa dhati kwamba kompyuta ingemkomboa mkulima mikononi mwa mnunuzi mdanganyifu. Bwana Mtipa alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akaniuliza kama naweza kutengeneza gemu.

Nyinyi mnaosoma haya mmezaliwa gemu zikiwa ndani ya simu, na huenda mnadhani zimekuwa humo siku zote. Niwaambie jinsi wazo lilivyoanza. Bwana Mtipa alikuwa akikaa mlangoni pa kibanda chake akiwatazama watu wazima, wengine na baiskeli zao nje, wakigombania kuendesha gari kwenye barabara ya theluji.

"Mwalimu," alimwambia Mama Fadhila siku moja, "watu hawa wanalipa kupita kwenye theluji ambayo hawajapata kuiona. Kwa nini wasilipe kupita kwenye mikorosho wanayoijua?"

"Kwa sababu kwenye mikorosho wanapita bure," akajibu Mama Fadhila.

Bwana Mtipa alicheka mpaka akavua miwani. Lakini hakuliacha lile wazo, na ndivyo tulivyogeuka kuwa wachapishaji wa michezo ya kompyuta: tuliitunga, tukaitia kwenye disketi, tukaifungasha na kuiuza katika vyuo, shule na vibanda vya kompyuta vilivyoanza kuchipua mijini. Kampuni tuliiita Bibo. Nembo yake, bibo jekundu, lile tunda la mkorosho, lenye korosho yake chini, aliichora Mama Fadhila kwa penseli za wanafunzi.

Mchezo wetu wa kwanza haukununuliwa na mtu, na nausimulia ili mjue kwamba hata kushindwa kuna adabu zake. Uliitwa Maji ya Bondeni. Mchezaji alikuwa mwanamke wa uwanda wetu wa juu, mwenye ndoo kichwani, anayeteremka ukingo wa Newala kwenda kuteka maji na kupanda tena bila kuyamwaga. Niliuandika kwa miezi, nikijivunia jinsi maji yalivyotikisika ndani ya ndoo. Tukaupeleka Newala kwa maonyesho. Mama mmoja alikaa kwenye kompyuta, akateremka, akapanda, akafika juu na ndoo imejaa. Tulipiga makofi. Akanitazama kama mtu anayesubiri sehemu iliyobaki.

"Halafu?" akauliza.

"Halafu unateremka tena, mama."

"Mwanangu," akasema huku akinyanyuka, "hiyo si gemu. Hiyo ni Jumanne."

Somo nililolipata siku ile limenitosha maisha yote ya kazi, na nalitoa kwenu bure. Unapompa mtu mchezo wako aujaribu, kaa nyuma yake na ufunge mdomo. Usimwelekeze. Usimwambie "bonyeza hapo." Tazama mabega yake. Mabega yakilegea, amechoka. Yakipanda, umempata. Mabega ya mama yule wa Newala hayakupanda hata mara moja, na mimi sikuyaona kwa kuwa nilikuwa nikitazama maji yangu.

Mchezo wa pili ndio uliotuinua. Uliitwa Shamba la Jirani, na kiini chake kilitoka kwa Mama Fadhila. Msafiri anatembea kwa miguu kutoka Nanganga hadi Newala kumjulia hali dada yake aliyejifungua. Hana chakula. Njia inapita kwenye mashamba ya mikorosho ya watu, na ni msimu wa mavuno. Sasa, aliyelelewa kwetu anajua desturi bila kuambiwa: mpita njia mwenye njaa anaruhusiwa kuokota bibo katika shamba la mtu yeyote na kulila. Korosho yake huinyofoa na kuiweka shinani pa mti kwa ajili ya mwenye shamba. Tunda ni la njaa yako. Korosho ni ada ya shule ya mtoto wa mwenzako. Katika mchezo wetu, msafiri aliyeacha korosho alikaribishwa katika nyumba iliyofuata, akapewa maji na kuelekezwa njia. Msafiri aliyeitia mfukoni hakukimbizwa na mbwa wala kukamatwa na polisi. Aliposalimia, hakuitikiwa. Basi. Nyumba ya kwanza, kimya. Nyumba ya pili, kimya. Niliwahi kumwona mwanachuo mzima, mwenye ndevu, akiachia kipanya cha kompyuta na kusema kwa uchungu, "Jamani, hata mtoto haniitikii?"

Sauti ya wenye nyumba wote ilikuwa ya Mama Fadhila. Hatukuwa na studio. Chumba chetu kilikuwa na bati, na bati linarudisha sauti kama mtungi. Bwana Mtipa ndiye aliyekumbuka ghala lake la zamani. Rafiki yake aliyebaki huko alituruhusu kuingia, tukaketi katikati ya magunia ya korosho yaliyopangwa hadi juu, na humo sauti ilikuja laini na kavu kama mtu anayesema nawe karibu na sikio. Gunia lililojaa linameza mwangwi wote. Kama huna studio, tafuta ghala la mazao. Usihangaike kununua sponji.

Tatizo likawa Mama Fadhila mwenyewe. Mbele ya kipaza sauti alisoma maneno yake kama anayeita majina ya wanafunzi.

"Mama Fadhila, jaribu kukaribisha kama nyumbani," nikamwomba.

"Nimkaribishe nani? Hiki chuma?"

Ikabidi nitoke nje ya ghala, nibishe hodi, niingie na bibo mkononi kama msafiri. Papo hapo uso wake ukafunguka. "Karibu, mwanangu! Umetoka mbali, kaa." Tulirudia hivyo kwa kila neno. Niliomba maji, akanipa. Niliuliza njia, akanielekeza. Kulikuwa na sehemu ambapo mwenye nyumba anampa msafiri zawadi ya kuku ampelekee yule dada mzazi, na Bwana Mtipa alikuwa amekwenda sokoni akaleta kuku wa kweli, ambaye Mama Fadhila alinikabidhi miguu juu huku akisema, "Chukua, ni yako! Mpelekee mzazi, na umwambie namsalimu." Kuku alinikwangua mkono, nami nikapiga kelele, na kelele hizo zilibaki katika mchezo hadi mwisho.

Naomba mlishike neno hilo la kuku, kwa sababu ndilo lililokuja kutuumiza.

Shamba la Jirani lilikwenda mbali kuliko sisi. Vyuo vya ualimu viliuomba, vibanda vya Mtwara na Lindi viliuomba. Barua zilikuja kutoka mikoa ambayo hatukuwa tumefika. Tulihama chumba kimoja tukawa na viwili. Niliajiri wasaidizi, nikawafundisha kufunika kompyuta kwa kanga kabla ya kufagia, maana vumbi letu jekundu huingia hata mahali ambapo sindano haiingii, na kuhifadhi kazi kila wanaposikia jenereta inakohoa.

Kisha simu za mkononi zikaja, na watu wakaanza kucheza wakiwa wamekaa nyumbani kwao. Vibanda vilipungua. Kampuni moja ya Dar es Salaam, iliyokuwa na mikataba na watu wa simu, ikaomba kuinunua Bibo nzima: jina, michezo, picha na sauti. Bwana Mtipa hakuwa mtu wa kuuza kitu kwa siri. Alituita, akatupikia chai mwenyewe, akatusomea masharti. Alikuwa anazeeka, macho yake yalikuwa yanamsumbua, na alitaka mchezo uendelee kuishi kuliko alivyotaka uendelee kuwa wake.

"Mwalimu, wewe unasemaje?" akamuuliza Mama Fadhila.

"Kama utafika kwa watu wengi zaidi, uza," akasema. "Mradi wasiuharibu."

Mwanasheria aliyekuja kuandaa mkataba alimtaka Bwana Mtipa aeleze mchezo wenyewe, uandikwe vizuri. Naye akaeleza kwa ufasaha wa karani: msafiri hutoka Nanganga, hupita mashambani, hula mabibo apate nguvu, husalimia nyumba kwa nyumba, hufika kwa dada yake. Mimi na Mama Fadhila tuliketi pembeni tukitikisa kichwa kukubali kila neno. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyesema habari ya kuacha korosho. Hatukuisahau. Haikutupitia akilini kwamba ni jambo la kuelezwa. Ni kama kumweleza mtu kwamba msafiri huyo hutembea kwa miguu yake na si kwa mikono. Hata katika maelekezo tuliyokuwa tukifungasha pamoja na disketi, miaka yote hiyo, sharti hilo halikuwamo, na hakuna mchezaji wa kusini aliyewahi kuliuliza.

Wachezaji wa Dar es Salaam waliuliza, tena kwa hasira. Mchezo ulipoingia kwenye simu, meneja wetu mpya, kijana mmoja aitwaye Frenki, alianza kunipigia. Alikuwa na heshima, hakupata hata siku moja kuanza mazungumzo bila salamu.

"Shikamoo, Baba Tunu."

"Marahaba, Frenki."

"Baba Tunu, gemu ina kasoro. Wateja wanalalamika hawaitikiwi salamu."

"Wameokota korosho za watu."

"Ndiyo, lakini kasoro ni nini?"

"Frenki, hiyo siyo kasoro. Ndiyo gemu yenyewe."

Nilimweleza. Alisema ameelewa. Nadhani alielewa kama mtu anavyoelewa hadithi ya mababu wa ukoo mwingine. Lakini hakubadilisha kitu, na kwa muda tukaishi hivyo, mimi nikibaki na ofisi ndogo ya Masasi, Mama Fadhila akistaafu ualimu na kurudi kwake Mnyambe kulima. Bwana Mtipa alikuja kunitembelea mara kwa mara, akaketi kwenye kiti chake cha zamani na kuniuliza habari za mchezo kama anayeuliza habari za binti aliyeolewa mbali.

Baadaye kampuni ya Dar es Salaam nayo ikanunuliwa na wageni kutoka nje ya nchi. Hakuna aliyetuambia. Tulijua baada ya kuletewa fulana mpya. Hivyo ndivyo mambo hayo hufika ngazi za chini: unauzwa wewe na meza yako, na taarifa yake ni fulana. Wanangu walikua wamevaa kila jina lililowahi kutumiliki, na fulana ya wageni hao ndiyo iliyodumu zaidi. Mke wangu aliipigia deki kwa miaka.

Wageni wale walikuwa na mafundi wao huko kwao, nao walichukua malalamiko yote yaliyorundikana wakayarekebisha moja baada ya jingine, kwa bidii ambayo siwezi kuilaumu. Kuacha korosho walikuta kumeandikwa kuwa ni kasoro. Wakairekebisha.

Habari zililetwa na mwenyewe. Mama Fadhila alishuka kwenye basi la Newala, akaja moja kwa moja ofisini akiwa na simu aliyoiazima kwa binamu yake. Nilimwamkia, akaitikia bila kuketi.

"Baba Tunu, washa hii. Cheza."

Nikacheza. Msafiri akaingia shambani, akala bibo, akaiokota korosho ya mtu. Na hapo, badala ya kimya, ikalia sauti safi niliyoirekodi mimi mwenyewe kati ya magunia: "Chukua, ni yako!" Akaokota nyingine. "Chukua, ni yako!" Walikuwa wamelikata neno la kuku, wakaondoa mzazi na salamu zake, wakalifunga kwenye korosho ya jirani.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, mama."

"Na Mnyambe wamesikia. Wajukuu wanacheza katika simu za baba zao. Juzi wamekutwa katika shamba la shemeji yangu, masweta yamejaa korosho. Wanaulizwa, nani kawatuma? Wanasema, Bibi Fadhila kasema ni zetu."

Shemeji huyo alikuwa Mzee Nampunju, kaka wa marehemu mumewe, na shamba lake lilipakana na la Mama Fadhila. Tangu siku hiyo, kila alipomwamkia, mzee alitazama miti. Binamu wa kike wa Mama Fadhila, ambaye ni mtani wake tangu utotoni, alikuwa amempachika jina kisimani mbele ya wanawake wote: Mama Chukua. Wengine walicheka kwa utani, lakini wengine walilitumia bila kucheka.

"Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote," akasema, na hapo ndipo alipoketi. "Sasa nafundisha wizi, na mimi nimelala nyumbani kwangu. Sitaki kitu kingine, Baba Tunu. Wanirudishie desturi, au waniache ninyamaze."

Nilimpigia Frenki. Alisikitika kwa dhati. Nilimsikia akishusha pumzi. Lakini alikuwa mtumishi kama mimi. "Wale hawana ubaya," aliniambia. "Wanasema mchezaji akiona kitu chini asikiokote, anajiona amepoteza. Na sauti, Baba Tunu, mkataba unasema ni za kampuni." Nikamwomba jambo moja: atakapokuja kukagua ofisi yetu ya Masasi, aje nami Mnyambe, amweleze Mama Fadhila uso kwa uso. Akakubali.

Tulikwenda wakati mabibo yameiva, uwanda mzima ukinukia utamu ulioanza kuchacha. Kutoka barabarani hadi kwa Mama Fadhila njia inapita shambani kwa Mzee Nampunju, na mzee mwenyewe alikuwa humo na watu wake wanakusanya. Mama Fadhila alikuja kutulaki. Alikuwa amevaa kanga mpya, na niliona jinsi alivyojiandaa, kwa sababu mtu aliyekuwa akitembea kando yangu ndiye pekee aliyeweza kumfikishia ombi lake huko mbali. Alipompita mzee alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, shemeji."

Mzee Nampunju akatazama miti.

Frenki hakuona lolote. Alikuwa ameinuka alfajiri, amesafiri njia nzima bila kula, na mbele yake ardhi ilikuwa imejaa mabibo mekundu na ya manjano. Akaokota moja zuri, akalipangusa, akaling'ata. Maji yakamchuruzika kwenye shati jeupe. Hakujua kwamba bibo huliwa umeinama. "Tamu sana!" akasema. Kisha akainyofoa korosho, akaitazama, na kuitia mfukoni.

Watu wa Mzee Nampunju wakasimama. Hakuna aliyemtazama Frenki. Wote walimtazama Mama Fadhila.

Nilijua anachopima. Akinyamaza, jina la Mama Chukua ni lake mpaka kaburini. Akisema, anamwaibisha mgeni wake mbele ya watu, mgeni ambaye yeye mwenyewe anataka kumwomba jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuomba.

"Frenki, mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile ya ghalani, "bibo kula, kula na jingine. Hiyo korosho ni ya shemeji. Iweke pale shinani."

Frenki akacheka. "Moja tu, mama? Nawapelekea wanangu waione."

"Hata moja."

Akatazama huku na huku akimtafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Akaitoa mfukoni, akachuchumaa na shati lake lenye madoa, akaiweka shinani polepole, kama mtu anayeweka yai.

Mzee Nampunju akasogea. "Huyu ndiye mwenye ile gemu?"

"Ndiye, shemeji."

"Kumbe hakufundishwa."

"Hakufundishwa. Leo kafundishwa."

Mzee akamtazama Mama Fadhila usoni. "Marahaba," akasema.

Kutoka nyuma ya mkorosho, yule binamu wa Mama Fadhila akapaza sauti: "Jamani, jina limebadilika! Sasa ni Mama Acha!" Na wote wakacheka, Frenki naye, ingawa yeye alicheka mwisho.

Njiani tukirudi Masasi Frenki alihangaika na madoa ya shati lake mpaka tuliposhuka uwanda. Kisha akaniuliza, "Baba Tunu, mbona jambo kubwa namna hii hamkuliandika popote?" Nikamwambia ukweli, kwamba hatukujua kuna mtu asiyelijua.

Aliwaandikia wageni ombi la Mama Fadhila, akarudia kuwaandikia. Jibu lao lilikuwa la adabu na la nusu. Kuokota korosho kungebaki, kwa kuwa wachezaji walipenda hivyo. Sauti ya yule mama ingeweza kuondolewa, kwani kengele ingefanya kazi ile ile. Nilimpelekea Mama Fadhila jibu hilo nikiona haya, nikidhani atakasirika. "Mchezo ni wao sasa," akasema, "lakini mimi siyo wao. Waweke kengele."

Kazi ya kuiondoa nilipewa mimi, nayo ikawa kazi yangu ya mwisho pale ofisini. Mama Fadhila aliomba awepo. Alikuja asubuhi, Bwana Mtipa naye akaja, tukaketi watatu mbele ya kioo. Nilifungua kila faili, likasikika mara moja, akaitikia kwa kichwa, nikafuta. Neno la maji, nikafuta. Neno la njia, nikafuta. La kuku tulilisikiliza lote kama lilivyorekodiwa, pamoja na mzazi, salamu na kelele zangu, na Bwana Mtipa akacheka akivua miwani kuifuta. Nikalifuta.

La mwisho lilikuwa la kukaribisha. "Karibu, mwanangu! Umetoka mbali, kaa." Safari hii Mama Fadhila hakutikisa kichwa. Aliniomba nilirudie. Nikalirudia.

"Hilo nililisema vizuri," akasema.

"Ulilisema vizuri sana, mama."

Akaliangalia jina la faili pale kwenye kioo, akafunga fundo la kanga yake.

"Futa."

Kijana unayetengeneza michezo, siku moja utaletewa mkataba wa kukununua, na huenda ni mzuri na unastahili kuusaini. Nakuomba jambo moja tu. Kabla hujausaini, nenda kwa kila mtu ambaye sauti yake, uso wake au shamba lake limo ndani ya mchezo wako, mketi, umsomee, na umwachie nafasi ya kusema hapana.